Ngoma Inaponyamaza

Leo sikuja na siasa wala bei ya mafuta. Nimekuja na ngoma, na nakuomba uisikilize kwa sikio la akilini.

Mfikirie mpigaji mmoja anayeanza kazi saa 6 kamili usiku. Kila sekunde inayopita anahesabu namba moja: moja, mbili, tatu, nne, mfululizo, hapumziki wala haruki. Akiifikia namba tasa anapiga ngoma mara moja. Namba isiyo tasa anaipita kimya. Kwa aliyeiacha shule zamani nikumbushe tu kwamba namba tasa ni ile yenye vigawo viwili basi, yaani 1 na yenyewe. 7 ni tasa. 9 siyo, kwa sababu 3 mara 3 ni 9.

Basi sikiliza. Sekunde ya 2, du. Ya 3, du. Ya 5, du. Ya 7, du. Kisha kimya cha sekunde nne mpaka 11. Dakika ya kwanza inapoisha ngoma imelia mara 17, na kimya kirefu kuliko vyote kimekuwa sekunde 6, kati ya 23 na 29. Dakika ya pili inapoelekea nusu, kati ya 89 na 97, tunapata sekunde 8. Halafu, ikiwa ni dakika moja na sekunde 53 tangu tuanze, ngoma inalia kwenye 113 na kunyamaza. Unasubiri. Unadhani mpigaji amesinzia. Sekunde 14 zinapita ndipo inalia tena, kwenye 127.

Mwanya huo kati ya 113 na 127 ndio ulionifanya nizipende namba, na nitaurudia. Kwa sasa angalia jambo moja tu. Rekodi ilikuwa 8, sasa ni 14. Mwanya wa 10 haujatokea bado, utakuja baadaye, kati ya 139 na 149. Wa 12 nao unachelewa mpaka 199 na 211. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba mianya ya namba tasa haipangi foleni. Wa 16 ndio mkaidi kuliko hao: haujitokezi hadi baada ya 1831, wakati ambapo mwanya wa 34 umeshapita zamani, kati ya 1327 na 1361.

Tuendelee na usiku wetu. Huo mwanya wa 34 tumeusikia saa 6 na dakika 22. Rekodi inayofuata inatukuta saa 8 na dakika 39 usiku, baada ya 9551, nayo ni 36. Mpigaji amehesabu zaidi ya saa mbili, akaongeza sekunde mbili tu. Saa 10 na dakika 21 alfajiri tunapata 44. Jogoo wakiwa wameshawika, saa 11 na dakika 26, tunapata 52. Watu wamekunywa chai, watoto wako darasani, saa 2 na dakika 43 asubuhi, ngoma inalia kwenye 31,397 na kunyamaza kwa sekunde 72. Ni zaidi ya dakika nzima. Baada ya hapo unaweza kukaa kutwa na kucha, rekodi hiyo haivunjwi mpaka siku ya pili saa 1 na dakika 18 usiku, ngoma inaponyamaza kwa sekunde 86. Kisha siku ya tano, asubuhi moja, zinavunjwa mbili kwa mpigo: alfajiri 96, na jua likiwa linachomoza, 112.

Hakuna mtu aliyewahi kuipata kanuni ya kutabiri saa hizo. Namba zenyewe hazina bahati nasibu ndani yake. Zimekuwa vilevile tangu mwanadamu wa kwanza ahesabu mbuzi wake. Na bado ukitaka kujua kimya kinachofuata kitakuja lini, huna njia ila kukaa na kusikiliza.

Hapa niseme neno juu ya Kiswahili chetu, maana lina uzito katika habari hii. Tumeziita namba hizi tasa, neno tunalolitumia kwa asiyezaa. Mimi naona walioteua jina hilo walizitazama upande mmoja. Namba 5 imezaa 10, 15, 20, 25 na kuendelea bila kikomo. Kila namba nzima kuanzia 2 ama ni tasa yenyewe, ama imezaliwa na tasa zikizidishana. Kitu ambacho namba tasa haina ni wazazi. Jina limeshakaa, na halitaondoka, ila mwalimu anayelifundisha asiache kumwambia mtoto kwamba hao tasa ndio mama wa namba zote.

Na neno jingine ni hili la mwanya. Nimesema mwanya, sikusema pengo, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Pengo ni mahali palipokuwa na jino likang'oka. Mwanya ni nafasi iliyoumbwa hivyo tangu mwanzo, na kwetu pwani mwenye mwanya husifiwa uzuri. Kati ya 113 na 127 hakuna kilichopotea. Itunze tofauti hiyo, tutaihitaji muda si mrefu.

Sasa swali ambalo msikilizaji makini ameshajiuliza: kimya hiki kinaweza kurefuka hadi wapi? Jibu ni rahisi, na uthibitisho wake ungeweza kuandikwa mgongoni mwa bahasha. Kinaweza kurefuka kadiri unavyotaka. Unataka namba 1,000 zinazofuatana, hata moja isiwe tasa? Zidisha namba zote kuanzia 1 hadi 1,001, kwa pamoja. Zao lake liite Z. Z ukiijumlisha na 2, jibu linagawanyika kwa 2, kwa sababu Z yenyewe inagawanyika kwa 2. Ukiijumlisha na 3, jibu linagawanyika kwa 3. Ukiijumlisha na 4, kwa 4. Unaendelea hivyo mpaka Z na 1,001. Hizo ni namba 1,000, na kila moja ina kigawo chake. Ngoma itanyamaza kwa zaidi ya sekunde 1,000, hilo halina ubishi.

Lakini Z hiyo ni namba yenye tarakimu 2,571. Kuiandika kunajaza ukurasa na zaidi. Je, ngoma inasubiri mpaka huko ndipo inyamaze hivyo? Hata kidogo. Mwanya wa kwanza unaozidi 1,000 unatokea baada ya namba yenye tarakimu 16 tu, nayo ni 1,693,182,318,746,371. Kutoka hapo mpaka tasa inayofuata ni hatua 1,132.

Ndiyo maana nasema kuna mwanya mkubwa na kuna mwanya wa rekodi, na hivi viwili si kitu kimoja. Mwanya mkubwa unaweza kuutengeneza. Mwaka 2013 watafutaji walitangaza mwanya wa 1,113,106 kati ya tasa mbili zenye tarakimu 18,662 kila moja. Ni kazi ya kutukuka. Lakini hakuna aliye hai awezaye kukuambia mwanya wa kwanza wenye ukubwa kama huo uko wapi, maana inaaminika upo mahali karibu zaidi, katika namba ambazo hakuna aliyezipitia. Mwanya wa rekodi ni ule ambao hakuna unaoufikia nyuma yake. Ili uutangaze, lazima uwe umezikagua namba zote zilizotangulia. Zote. Ukiruka hata kipande kidogo, huna rekodi, una dai.

Hapo ndipo ninapotaka tumkumbuke mtu mmoja, Thomas Nicely, aliyekuwa profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani. Chuo kidogo, hakina kompyuta za ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nicely alikuwa akizitafuta tasa pacha, yaani zile zinazoachana kwa mbili kama 11 na 13, na kujumlisha visehemu vyake: moja chini ya 3, moja chini ya 5, na kuendelea hivyo kwa mabilioni na mabilioni. Alitumia kompyuta za kawaida za mezani, kadhaa kwa pamoja. Huko njiani alikuwa pia anaandika mianya, kwa kuwa anayezipita namba zote mojamoja huiona yote.

Mwezi Machi 1994 aliongeza kompyuta mpya yenye chipu ya Pentium, iliyokuwa ndiyo kwanza inasifiwa duniani kote. Mwezi Juni majibu yakaanza kugongana. Alichokipata kwenye mashine hii hakikulingana na kile alichokipata kwenye nyingine. Tofauti ilikuwa ndogo mno, mbali sana baada ya nukta. Watu wengi, nami sijitoi, wangesema ni sawa tu, namba zenyewe ni nyingi. Yeye alikataa kuendelea. Alianza kujishuku mwenyewe: labda programu aliyoiandika ina kosa. Akaipitia. Labda chombo kinachoigeuza programu iwe lugha ya mashine. Akakibadilisha. Labda kumbukumbu ya kompyuta. Mwezi baada ya mwezi aliondoa shuku moja baada ya nyingine mpaka Oktoba 1994 ikabaki moja tu: chipu yenyewe haijui kugawanya. Alipoiagiza igawanye 1 kwa 824,633,702,441, ambayo ni mmoja wa pacha wake, ilimpa jibu potofu.

Akaiarifu kampuni ya Intel iliyoitengeneza chipu hiyo, na tarehe 30 Oktoba akawaandikia watu wachache aliodhani watajali. Habari ikaenea kama moto wa makuti. Mtu mwingine akapata mfano ambao yeyote angeweza kuujaribu: gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi linaanza na 1.3338. Chipu ilitoa 1.3337. Kampuni kwanza ilisema mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Haikufika Krismasi, tarehe 20 Desemba ikakubali kumbadilishia chipu kila atakayeomba, na Januari 1995 ikatangaza kwamba jambo hilo limeigharimu dola milioni 475.

Na kosa lilikuwa nini? Ndani ya chipu kulikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya, kama yale majedwali ya kuzidisha tuliyokariri sisi. Katika jedwali hilo visanduku vitano vilivyotakiwa kuwa na thamani vilikuwa vitupu. Hilo, msikilizaji, ndilo pengo. Kitu kilitakiwa kuwepo, hakikuwepo. Mtu aliyezoea kuitazama mianya ya kweli, ile iliyoumbwa hivyo, ndiye aliyeligundua pengo la mashine. Alipewa uwezo huo na tabia moja tu, ya kurudia hesabu kwa njia ya pili kabla ya kuamini ya kwanza.

Nicely aliendelea kuitunza orodha ya mianya ya namba tasa kwa miaka mingi, akipokea matokeo ya watu wa nchi mbalimbali na kumwandika kila mtu kwa jina lake, mpaka alipofariki mwaka 2019. Wengine wameipokea kazi hiyo. Mmoja wa walioshirikiana naye kwa karibu ni Bertil Nyman wa Sweden. Nyman ndiye aliyeupata, mwaka 1999, mwanya nilioutaja wa 1,132.

Mwanya huo una maajabu yake na sitaki tuupite haraka. Rekodi iliyokuwa imeshikilia kabla yake ilikuwa 924. Kumbuka kawaida ya rekodi hizi: zinaongezeka kwa 2, kwa 8, kwa 20, kwa 30. Hii iliruka 208 kwa mara moja, ikaupita mstari wa 1,000 bila hata kuugusa. Kwa ngoma yetu ni hivi. Ukianza kuhesabu leo, utaifikia namba hiyo baada ya miaka zaidi ya milioni 53. Huko ngoma hulia kwa wastani kila sekunde 35. Ghafla inanyamaza, na kimya kinakaa dakika 18 na sekunde 52. Taarifa nzima ya habari ingesomwa ikaisha, michezo na hali ya hewa ndani yake, kabla ya mlio unaofuata.

Huo wastani wa 35 unatoka wapi? Kanuni yake ni nyepesi. Kila unapoongeza sifuri moja kwenye namba, mwanya wa wastani unaongezeka kwa kama 2.3. Karibu na 1,000 wastani ni 7, karibu na milioni ni 14, karibu na bilioni ni 21. Gauss, Mjerumani, aliuona utaratibu huu akiwa kijana wa umri wa shule, mwishoni mwa karne ya 18, kwa kuhesabu tasa kwenye majedwali. Uthibitisho ulisubiri zaidi ya miaka 100, mpaka 1896. Kwa hiyo kuhusu wastani tunajua mengi. Kuhusu kimya kirefu kuliko vyote, tunajua machache sana.

Mswidi mwingine, Harald Cramér, aliyekuwa pia mtaalamu wa hesabu za bima, alijaribu kukisia mwaka 1936. Alisema: tuzichukulie tasa kana kwamba zinatoka kwa kura, kila namba ikiwa na nafasi yake ya kushinda. Ikiwa ndivyo, kimya kirefu kabisa kisingeuzidi sana wastani ukiuzidisha kwa wenyewe. Pale kwa Nyman, wastani unaozidi 35 kidogo, ukizidishwa kwa wenyewe, ni karibu 1,230. Mwanya wa 1,132 umekifikia kipimo hicho kwa asilimia 92. Ukiziacha rekodi tatu za mwanzo kabisa, za baada ya 2, 3 na 7, hakuna mwanya mwingine unaojulikana uliokikaribia kiasi hicho. Wapo wanaodhani kipimo cha Cramér kitavukwa siku moja huko mbele. Nami nadhani hivyo, kwa sababu tasa hazitoki kwa kura, zina uhusiano wa ndani ambao kura haina.

Lakini kukisia si kuthibitisha. Tuichukue tasa yenye tarakimu 100. Kwa kisio la Cramér, mwanya mrefu kabisa huko ni kama 53,000. Na kilichothibitishwa je? Matokeo mashuhuri ni ya Baker, Harman na Pintz, ya mwaka 2001, nayo yanahusu namba kubwa za kutosha. Kipimo chao kwa namba ya ukubwa huo ni mwanya ambao wenyewe una tarakimu zaidi ya 50. Upande mmoja 53,000, upande mwingine namba ambayo sijui hata jina lake. Kati ya hivyo viwili ndiko tulipo. Hata swali la Legendre, kwamba kati ya kila vipeo viwili vya pili vinavyofuatana, kama 100 na 121, lazima kuwe na tasa, halijajibiwa mpaka leo.

Kwa upande wa kuonyesha kwamba kimya kinaweza kuwa kirefu, kazi imekwenda vizuri zaidi. Ile njia ya Z niliyokuonyesha ni ya ubadhirifu, kwa kuwa 2, 3, 5 na 7 zote zinapiga mahali palepale. Mfikirie mwenye harusi anayetaka kutandika uani kwa mikeka michache. Hatatandika mkeka juu ya mkeka. Atausogeza kila mmoja mpaka ufunike mahali ambapo mwingine haujafika. Wanahisabati walifanya vivyo hivyo na vigawo. Mfini Westzynthius alionyesha mwaka 1931 kwamba mianya inaweza kuupita wastani mara nyingi utakavyo. Erdős wa Hungaria akaboresha mwaka 1935, na Rankin mwaka 1938. Hapo mambo yakakwama kwa zaidi ya miaka 70, isipokuwa viongezeko vidogo. Erdős aliahidi dola 10,000 kwa atakayeisogeza kanuni ya Rankin kwa kiasi chochote kinachotakiwa, zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kuahidi kwa swali lolote. Alifariki 1996 akiwa hajaitoa. Agosti 2014, katika mwezi mmoja, majibu mawili yakaja yenye njia tofauti: moja la Ford, Green, Konyagin na Tao, jingine la James Maynard peke yake. Baadaye wote watano wakaunganisha nguvu wakaisogeza mbele zaidi. Mikeka ilikuwa bado inaweza kutandikwa vizuri zaidi.

Utaniuliza, haya yananihusu nini mimi ninayesikiliza nikipika au nikiendesha bodaboda? Funguo za siri zinazolinda mawasiliano mengi ya mtandao, za benki zikiwemo, hutengenezwa kwa tasa mbili kubwa, kila moja kwa kawaida ikiwa na tarakimu kama 300. Kompyuta huipata tasa ya namna hiyo kwa kuokota namba na kujaribu, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inaisha upesi kwa sababu wastani wa mianya huko ni kama 710 tu. Mianya ingekuwa kwa kawaida mipana kama uthibitisho wetu unavyoiruhusu, tungesubiri ufunguo mmoja mpaka dunia iishe. Hiyo ni faida, nami siidharau. Ila mimi sikuja studio kwa ajili ya faida. Nimekuja kwa sababu kimya kile cha sekunde 14 kilinigusa.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu alichora ubaoni namba 2 mpaka 100, tukawa tunazifuta: kwanza vigawe vya 2, kisha vya 3, vya 5, vya 7. Njia hiyo inaitwa chekeche la Eratosthenes, kwa jina la mtu aliyezaliwa Cyrene, katika Libya ya leo, akafanya kazi Alexandria nchini Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ni chekeche kweli: unatikisa, pumba zinadondoka, tasa zinabaki, nazo ni 25. Kengele ikalia, somo likaisha pale kwenye 100. Nikaenda nalo nyumbani, nikaongeza mistari michache kwa penseli, ndipo nikaukuta mwanya ule. 115 ikafutika, 5 mara 23. 117 ikafutika. 119 nikadhani nimeipata, kumbe 7 mara 17. 121 nikashangilia, kumbe 11 mara 11. 123, 125, zote zikaenda. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Sikuwa nimekosea.

Kazi hiyo imefikishwa mbali sana. Namba zote hadi 18,446,744,073,709,551,616 zimeshakaguliwa. Mpaka huo haukuchaguliwa hivi hivi. Ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 64, mahali zinapoishia namba ambazo kompyuta ya kawaida hushika kwa mkono mmoja. Mwanya mrefu kuliko yote ndani ya eneo hilo ni 1,550, baada ya tasa 18,361,375,334,787,046,697. Kwa ngoma yetu, hiki ni kimya cha karibu dakika 26, baada ya kuhesabu kwa miaka bilioni 580. Aliyeuona ni Nyman yuleyule, mwaka 2014. Lakini alipouona haukuitwa rekodi. Uliandikwa kama mwanya mkubwa, ukawekwa pembeni kusubiri, mpaka namba zote nyuma yake zilipopitiwa na kuonekana hakuna unaoufikia. Baadhi ya waliozipitia ni watu wa kawaida, wakiziacha kompyuta zao nyumbani zichekeche usiku kucha. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo katika elimu: kukipata kitu, na kukubali kisiitwe jina lake mpaka wengine wahakikishe.

Nina ombi moja kwako. Jioni hii chukua daftari la hesabu na penseli, mkae na mtoto wa nyumbani, wako au wa jirani. Andikeni namba 2 mpaka 200. Futeni vigawe vya 2, vya 3, vya 5, vya 7, vya 11 na vya 13, mkiziacha hizo sita zenyewe. Hakuna zaidi ya hapo kinachohitajika. Usimwambie kitu kuhusu 113. Mwache apite mwenyewe, afute 119, afute 121, na akikutazama akidhani amekosea, mwambie arudie.